Kaki ya mtumba nayo ni sare

Ni jambo lisilopingika kwamba shule zinapokaribia kufunguliwa mwezi Septemba, mzazi wa Burundi huumwa kichwa na kitu kimoja kabla hata ya daftari na kalamu, nacho ni sare. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwaka 2005, nasi sote tukashangilia. Kaki haikufutwa. Kwa familia iliyorudi juzi kutoka kambini, yenye watoto wanne au watano wa kuandikishwa kwa mpigo, kitambaa hicho ndicho huamua nani ataingia darasani Jumatatu na nani atabaki nyumbani kulea wadogo zake.

Ndugu msomaji, naandika haya nikiwa na deni. Miaka kadhaa iliyopita nilimrudisha nyumbani mtoto wa kike kwa sababu gauni lake, ingawa lilikuwa la kaki, rangi yake ilielemea kijani na mabega yalimwanguka. Nilimwambia akalete sare. Hakurudi siku hiyo, wala wiki hiyo. Nilipokwenda kwao, mama yake, ambaye hakuwa amemaliza mwaka tangu arudi kutoka Tanzania, aliniletea gauni lile na kulitandaza kwenye mkeka. Lilikuwa shati la mwanamume, la mtumba, amelishona upya kwa mkono.

"Mwalimu, hii nayo si kaki?"

Sikuwa na jibu. Na aibu yangu ilikuwa kubwa kuliko ya mwalimu mwingine yeyote pale shuleni, maana mimi mwenyewe nilisoma uhamishoni, katika kambi ya Mtabila kule Kasulu, miaka mingi kabla haijafungwa mwaka 2012. Nguo za msaada zilipogawiwa tulipanga mstari, na ukubwa wa nguo ulikuwa bahati yako. Nikiwa na miaka kumi na mitatu niliangukia suruali ya mtu mzima, mnene tena. Mama aliibana kwa wembe na sindano moja, na uzi aliutoa kwenye mshono wa mdomo wa gunia la unga. Niliivaa miaka miwili. Kila nilipokua alifumua pindo kidogo, nayo ikashuka.

Tunalosema leo ni hili: walimu wakuu waipokee kaki ya mtumba iliyorekebishwa nyumbani, mradi ni safi na inamkaa mtoto. Wazazi nao waache kuamini kwamba bila cherehani hakuna kinachowezekana, na wafanyabiashara wa mpakani waone kwamba hapo pana soko ambalo sasa wanalikanyaga.

Tuanze na nyumbani. Suruali ya kaki ya mtu mzima, yenye kiuno cha inchi 40 au zaidi, ndiyo ya bei ya chini sokoni kwa sababu haina mvaaji. Wengi hujaribu kuibana kiuno kwa kukata mshono wa nyuma. Njia hiyo inafaa ukipunguza sentimita nne au tano tu. Ukizidisha hapo, mifuko ya nyuma hugongana na suruali yote hupinda. Kwa mtoto wa miaka minane au tisa ni afadhali kuisahau kabisa sehemu ya juu. Fua nguo kwanza kwa maji ya moto, uianike, uipige pasi, kwani pamba ikirudi baada ya kushonwa kazi yako yote imepotea. Kisha kata miguu miwili chini ya msamba. Twaa kaptura kuukuu inayomtosha mtoto, ikunje katikati, ilaze juu ya mguu mmoja, pindo juu ya pindo, na uchore mzunguko wa msamba kwa kipande cha sabuni kikavu. Ongeza upana wa vidole viwili pembeni kwa ajili ya mshono, na vinne juu kwa ajili ya kiuno. Mguu wa pili uufuatishe huohuo. Sasa fumua mshono wa ndani kwa wembe kuanzia juu hadi mwisho wa ule mzunguko, unganisha miguu miwili mbele na nyuma, pindua kiuno na upitishe lastiki. Pindo la chini hulishoni, lipo tayari, limeshonwa kiwandani.

Kabla ya kushona, piga bandi kwa uzi wa rangi nyingine na umvalishe mtoto. Mwambie achuchumae, halafu apande juu ya kiti. Penye kukaza utapaona. Mshono wenyewe uwe wa kurudi nyuma, yaani sindano itangulie hatua moja na kurudi nusu yake, uzi ukiwa mara mbili. Mshono wa namna hiyo kwenye msamba hustahimili mpira wa mapumziko. Ule wa kupitisha tu hautafika Ijumaa. Na kitambaa kinachobaki ndani msikikate, mtoto anakua. (Nimewafundisha jambo hili wavulana wa darasa langu pia. Walicheka siku ya kwanza, siku ya pili walikuja na suruali zao.)

Sasa wenzetu wa mpakani, mnaopita Manyovu na Mugina. Mnajua kuliko mimi robota la kilo 45 linavyofunguliwa: ndogo na za kati huondoka asubuhi, na jioni unabaki na lundo la suruali kubwa unazozitupa kwa bei ya matambara. Lakini kumbukeni mlivyozilipia. Utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ule wa shehena isiyozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizozalishwa ndani ya jumuiya, na mtumba haumo. Ushuru wake hutozwa kwa thamani au kwa uzito, lolote lililo kubwa. Ukitozwa kwa uzito, ile suruali pana iliyobaki chini ya lundo ndiyo uliyoilipia zaidi, kwa kuwa ndiyo nzito. Kumtenga mtoto wa kaka au jirani mwenye sindano achambue kaki zote kubwa, azifue na kuzikata miguu mapema, ni biashara, si sadaka.

Wapo watakaosema mitumba yenyewe iko njiani kuondoka, tusijenge juu yake. Ni kweli kwamba mwaka 2016 wakuu wa jumuiya waliazimia kuiondoa polepole. Rwanda ilipandisha ushuru kutoka senti 20 za dola hadi dola 2.50 kwa kilo, ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Wengine walirudi nyuma. Siku viwanda vyetu vitakapotupatia kaki mpya kwa bei ya mkulima wa muhogo nitakuwa wa kwanza kuinunua. Mtoto wa darasa la tatu hawezi kungoja siku hiyo.

Mafundi cherehani nao wamelalamika kwamba tunawanyang'anya kazi. Mzazi ninayemzungumzia hajawahi kufika kwa fundi, kwani malipo ya kubana suruali mara nyingi huzidi bei ya suruali yenyewe. Fundi atabaki na makoti, zipu na ukosi, kazi ambazo sindano ya nyumbani huziharibu.

Kwa walimu wakuu tunaomba jambo dogo. Kwenye kikao cha wazazi cha kabla ya kufungua, tamkeni waziwazi kwamba kaki iliyoelemea kijani au kahawia itapokelewa, na onyesheni moja iliyoshonwa vizuri ili watu waione kwa macho. Tangazo hilo litoke mapema mwezi Agosti, wakati suruali zile bado ziko sokoni. Kwa mwenye lundo la kiuno 40 kule Mabanda, nakushauri usiliuze matambara kabla ya wiki ya pili ya Septemba.