Bidhaa isiyo na ghala: nani alipie dakika za glukosi ya mionzi?

Wauza samaki wabichi hulalamika kuwa mali yao haingoji. Lakini samaki ana barafu. Ipo bidhaa ya hospitali isiyo na barafu wala ghala, nayo ni glukosi yenye mionzi, kwa ufupi FDG, itumikayo katika skana ya PET kutafuta saratani.

Kila dakika 110 nusu ya nguvu yake hupotea. Mtambo ukitoa vipimo 100 saa 12 asubuhi, saa 1:50 vinabaki 50, saa 3:40 vinabaki 25 na saa 5:30 havizidi 13. Hakuna jokofu la kubadili hesabu hiyo.

Umuhimu wake ni dhahiri. Seli nyingi za saratani hula sukari kwa pupa kuliko seli za kawaida. Mgonjwa aliyefunga kwa saa kadhaa hudungwa sindano, hupumzika kiasi cha saa moja, kisha skana huonyesha mahali sukari ilikojikusanya. Bila picha hiyo, mtu anaweza kupasuliwa bure ilhali ugonjwa umekwisha hamia pengine.

Mionzi hutoka kwenye florini-18, inayopatikana kwa kupiga protoni kwenye maji yenye oksijeni-18 ndani ya saiklotroni. Mtambo huu ni ghali, unadai kuta nene za zege, umeme wa uhakika na wataalamu. Gharama hizo ni zile zile, wawe wagonjwa watano au hamsini. Hospitali yenye wagonjwa wachache ikijinunulia saiklotroni yake, kila mgonjwa atabeba mgongoni sehemu kubwa ya mtambo.

Jijini Nairobi, Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan ilianza huduma hii mwaka 2018 ikiwa na saiklotroni yake. Hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta nayo inayo. Wagonjwa wa nchi jirani wamezoea kusafiri hadi Nairobi au India. Kibiashara, swali ni kwa nini asafiri mgonjwa badala ya dawa.

Wazo hilo si geni. Mwaka 1976 dozi ya kwanza ya FDG kwa binadamu ilitengenezwa maabara ya Brookhaven, New York, ikapelekwa kwa ndege Philadelphia. Nairobi hadi Dar es Salaam ni chini ya saa moja na nusu angani. Mtengenezaji anaweza kufidia safari hiyo kwa kuzalisha zaidi. Asichoweza kufidia ni foleni ya forodha: shehena ikikaa kiwanjani saa nne, zaidi ya robo tatu ya thamani imekwenda.

Wapo wanaosema kumtegemea jirani ni hatari. Ni kweli, ndege ikichelewa, wagonjwa wa siku hiyo hurudi nyumbani na njaa yao. Hata hivyo, hatari hiyo ni nafuu kuliko mtambo unaolala kwa kukosa wateja, nao wakiongezeka, saiklotroni ya nyumbani itajilipia.

Kwa hiyo, serikali za Afrika Mashariki zisianze na zabuni ya mitambo. Zianze na kibali cha pamoja cha shehena za mionzi, kinachotolewa kabla ndege haijaruka. Karatasi hiyo haigharimu mabilioni, na bila hiyo skana mpya zitabaki zikingoja dawa iliyokwisha kufa njiani.