Mishiri ya Kukaanga: Mboga ya Kando Isiyobaki Siniani



Juma lililopita tulipika mbaazi za nazi, chakula kizito kinachojitosheleza. Juma hili tutapika kitu chepesi, cha robo saa tu motoni: mishiri, yale maganda membamba ya kijani ambayo ni maharagwe yaliyochumwa machanga kabla punje zake hazijakomaa. Mingi ya mishiri yetu hupandwa bara, kama vile Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, na sehemu kubwa husafirishwa kwenda Ulaya. Inayobaki hutufikia Marikiti na Kongowea. Watu wa mbali huinunua kwa bei ya juu, nasi tulio nayo mlangoni twaipita tukitafuta viazi.

Si kwamba hatuijui. Twaipika, ila ndiyo inayobaki. Wali umekwisha, nyama imekwisha, watoto wamenawa mikono, na mishiri imelala pembeni mwa sinia, imepauka na kulowa maji. Mama huitazama na kusema kwamba watoto wa siku hizi hawapendi mboga. Kisha huikusanya na kuimwaga, na juma linalofuata hainunui tena.

Mama huyo nimekuwa mimi kwa miaka mingi. Mishiri nilikuwa nikiitia chunguni pamoja na nyama na viazi tangu mwanzo, ikachemka hadi nyama ilainike. Siku mzee wa nyumba yetu alipoambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda, apunguze wali na aongeze mboga, nilirudi nyumbani na swali moja: apunguze wali, ale nini? Hapo ndipo nilipotambua kwamba jikoni mwangu hamkuwa na mboga hata moja iliyokuwa ikiliwa kwa kupendwa. Kosa halikuwa la watoto, wala halikuwa la mishiri. Lilikuwa la mwiko wangu.

Kwa nini hupauka

Rangi ya kijani ya mboga haipendi mambo mawili: moto wa muda mrefu na ukali wa asidi. Mishiri ikichemka sana, asidi iliyomo ndani yake hutoka na kuigeuza rangi kuwa ya kijivujivu. Ukiifunika sufuria, asidi ile inayopanda na mvuke hurudi majini na kuzidisha uharibifu. Kwa hiyo mishiri huchemshwa kwa maji mengi, sufuria wazi, na kwa muda mfupi. Kwa sababu iyo hiyo ndimu hutiwa mwisho, chakula kikishaepuliwa.

Wako wanaotia magadi ili kijani kisipotee. Ni kweli kwamba rangi hubaki, lakini ganda huwa laini kama uji na vitamini nyingi hupotea. Magadi tuyaache; muda mfupi wa moto watosha.

Mahitaji (kwa watu sita)

Mishiri nusu kilo
Kitunguu maji 1 cha kiasi, kilichokatwa vipande vyembamba
Chembe 4 za kitunguu thomu, zilizokatwakatwa
Karoti 1, iliyokatwa vijiti vyembamba
Mafuta ya kupikia, vijiko 2 vya mezani
Bizari ya pilau nzima, nusu kijiko cha chai
Pilipili manga na chumvi kwa kiasi
Nusu ya ndimu

Namna ya kupika

Anza sokoni. Chukua mshiri mmoja uukunje: mzuri hukatika kwa mlio. Ukijikunja bila kukatika, umekaa siku nyingi. Ukiona punje zimevimba ndani ya ganda, umekomaa na utakuwa na nyuzi. Nyumbani, ioshe kwa maji mengi kabla ya kuikata, usiioshe baada ya kuikata. Kata vikonyo, kisha gawa kila mmoja vipande viwili au uache mzima.

Chemsha maji mengi yenye chumvi kidogo. Yakitokota vizuri, tia mishiri na uache sufuria wazi dakika nne. Utaiona imekuwa kijani kikali kuliko ilivyokuwa mbichi. Imwage kwenye chujio, kisha uitumbukize katika maji baridi ili isiendelee kuiva kwa joto lake yenyewe. Ichuje tena, uitandaze juu ya kitambaa safi ikauke. Hatua hii ya kukausha ndiyo wengi huiruka, na ndiyo siri ya mboga hii: mishiri yenye maji ikiingia katika mafuta haikaangiki, bali huchemka mara ya pili.

Weka kikaango kipana motoni, tia mafuta. Yakipata moto, tia bizari. Ikianza kulia na kutoa harufu, tia kitunguu maji. Kigeuze hadi kilainike, usingoje kiwe chekundu. Tia thomu na karoti, ugeuze kwa dakika moja tu, kwani thomu ikiungua huwa chungu na uchungu wake hauondoki. Sasa tia mishiri, chumvi na pilipili manga, ongeza moto, ugeuzegeuze kwa dakika nne au tano bila kufunika. Itafune mmoja: uwe umeiva kabisa, lakini ubaki na ukakamavu wake. Epua, kamulia ndimu, upakue papo hapo.

Anayetaka ladha ya kwetu zaidi na anyunyize vijiko viwili vya nazi iliyokunwa dakika ya mwisho. Mboga hii huenda vizuri na wali wa nazi, samaki wa kupaka au kuku wa kuchoma. Kwa daku, vunjia mayai mawili juu yake, ule na mkate. Na katika mwezi wa Ramadhani, wakati wa alasiri unapokuwa mfupi, mishiri iliyochemshwa na kukaushwa asubuhi huweza kuwekwa kwenye friji ingoje kikaango. Kabla ya magharibi utahitaji dakika kumi tu.

Tahadhari mbili

Usipunguze muda wa kuchemsha kwa kudhani kwamba mboga mbichi ina faida zaidi. Maharagwe ya aina zote, hata yakiwa machanga, yana kitu ambacho huumiza tumbo yakiliwa mabichi, na kitu hicho huondolewa na moto mkali. Pia mishiri ina vitamini K, ambayo husaidia damu kuganda. Aliye katika dawa ya warfarin asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za kijani anachokula bila ya kuzungumza na daktari wake.

Mezani

Kwa aliye na sukari, manufaa ya mishiri ni katika nafasi inayochukua. Gramu 100 za mishiri zina takriban kalori 31 na karibu gramu tatu za nyuzinyuzi. Kiasi hicho hicho cha wali mweupe uliopikwa kina takriban kalori 130, kabla hatujatia tui. Wataalamu wa lishe hushauri nusu ya sahani iwe mboga. Lakini sisi twala siniani, na sinia halionyeshi nusu ya mtu. Nilichofanya ni kupunguza kikombe kimoja cha mchele katika kipimo changu cha kila siku, na nafasi yake nikaijaza mboga. Dawa za kliniki hazikuachwa. Chakula hakikuja kuchukua nafasi yake, kimekuja kuzisaidia.

Mwanzoni niliweka mishiri yote mbele ya mzee, kama chakula cha mgonjwa. Watoto hawakuigusa, naye aliila kwa huzuni. Kisha nikakumbuka mafundisho tuliyosoma chuoni. Umar bin Abi Salama, radhi za Allah ziwe juu yake, alikuwa mtoto katika malezi ya Mtume, rehema na amani zimshukie, na mkono wake ulikuwa ukizunguka sahani nzima. Akafundishwa kulitaja jina la Allah, kula kwa mkono wa kulia, na kula kilicho karibu naye. Basi nikajiambia: ikiwa mtoto ameamrishwa kula kilicho mbele yake, ni wajibu wangu mimi mpakuzi kukiweka mbele yake. Tangu siku hiyo mishiri huigawa mafungu madogo kuzunguka sinia lote, kila mkono upate fungu lake.

Na liko fundisho la pili. Anas bin Malik, radhi za Allah ziwe juu yake, aliyemtumikia Mtume tangu utotoni, amesimulia kwamba mshonaji mmoja alimwalika Mtume chakula: mkate wa shayiri, na mchuzi wenye mumunye na nyama kavu. Anas akamwona Mtume akiyafuata mamumunye pembezoni mwa sahani, na tangu siku hiyo naye akawa anayapenda. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Tazameni, dada zangu: palikuwa na nyama katika sahani ile, na mkono mtukufu ukaenda kwenye mboga. Anas hakuhubiriwa, wala hakulazimishwa. Aliona, akapenda.

Kwa hiyo neno langu la leo ni kwa akina baba pia. Mama atapika mboga vizuri, lakini mtoto hufuata mkono wa baba yake siniani. Baba akiisukuma mishiri pembeni na kuikimbilia nyama, mtoto amekwisha kusoma somo lake. Baba akianza na fungu la kijani, asiseme lolote, mtoto atalijaribu leo au kesho. Na asiyependa tusimkaripie, kwani Mtume hakuwa akikitia ila chakula. Akikitamani hukila, na asipokitamani hukiacha.

Kwetu haikuwa kwa siku moja. Mdogo wetu alianza na karoti, akiichambua na kuiacha mishiri. Juma la tatu alikula vipande viwili. Juzi nilirudi kutoka jikoni na maji ya kunawa, nikakuta sinia jeupe, na mzee ananiuliza kama imebaki kikaangoni.

Ijaribuni Jumapili hii inshallah, nasi tukutane juma lijalo. Allah atujaalie afya, na aitie baraka riziki ya nyumba zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.