Wajenzi wa amplifaya za valvu wasihadaike

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii hunijia akilini kila vijana wanaojiundia amplifaya za valvu za kusikilizia hedifoni wanaponiuliza ni kapasita gani ya bei ghali waagize kutoka ng'ambo. Kwa maoni yangu, swali hilo huanzia mahali pasipofaa.

Tuchukue mfano wa Crack, amplifaya iliyobuniwa na kampuni ya Bottlehead ya Marekani ili mnunuzi ailehemu mwenyewe. Ina valvu mbili. Ya kwanza, 12AU7, ambayo Ulaya huitwa ECC82, hukuza sauti. Ya pili, 6080, ambayo asili yake ni kazi ya kudhibiti umeme mitamboni, huzisukuma hedifoni bila ya transfoma ya kutolea sauti. Baina ya valvu hiyo na masikio ya msikilizaji pana kapasita ya maikrofaradi 100, inayoupitisha muziki na kuuzuia umeme usiogeuka mkondo.

Hapo ndipo wauzaji wanapopata mwanya. Humwambia kijana aitoe kapasita hiyo, aweke ya utando wa plastiki, kubwa kama kopo la maziwa na yenye bei ya kutisha, eti besi itafufuka. Haya, na tupige hesabu. Kwa hedifoni za omu 300, kama vile Sennheiser HD 600, kapasita ya maikrofaradi 100 huanza kuipunguza sauti kwenye hezi 5 hivi, na ukinzani wa valvu yenyewe huushusha mpaka huo zaidi. Sikio la binadamu husikia kuanzia hezi 20. Ni besi ipi basi inayofufuliwa?

Naam, mwenye hedifoni za omu 32 atalalamika, na ana haki. Lakini ugonjwa wake haumo kwenye kapasita. Ukinzani wa valvu ni mkubwa kuliko ule wa hedifoni zake, kwa hiyo sehemu kubwa ya nguvu hupotelea humo humo ndani. Huyo abadilishe hedifoni, au aunde amplifaya ya namna nyingine.

Mimi sipingi maboresho. Kuziondoa rezista zinazozilisha valvu na kuweka mahali pake saketi ya kutoa mkondo thabiti ni jambo la maana, kwani hupunguza upotofu wa sauti na mngurumo wa umeme. Ajabu ni kwamba saketi hiyo hutumia transista, na wapo wapenzi wa valvu wasiotaka hata kulisikia neno hilo!

Lakini kabla ya hayo yote, aangalie transfoma. Iliyotengenezewa volti 120 za Marekani haifai kuchomekwa katika umeme wetu wa volti 240. Aangalie joto pia: nyuzi za 6080 peke yake hula takriban wati 16, na kapasita za kawaida zenye majimaji hupoteza karibu nusu ya umri wao kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka. Iliyoandikwa 105 ni bora kuliko iliyoandikwa 85, na tofauti ya bei ni ndogo mno. Juu ya yote, mna zaidi ya volti 150 humo ndani, na kapasita zaweza kubaki na umeme hata baada ya waya kuchomolewa ukutani. Fundi asiyezipima kwa mita kabla ya kutia mkono anaweza kupoteza maisha.

Atakayebakiwa na senti anunue potenshomita nzuri ya kupandishia sauti. Zile za rahisi hupeleka sauti zaidi sikio moja kuliko jingine, hasa zikiwa zimepunguzwa usiku, na kasoro hiyo husikika hata na mtu asiyejua valvu ni kitu gani.