Tusiseme "Feki" Upesi

Katika mtaa wetu wa Namuwongo, na hata hapa shuleni, kitu kipya kikisumbua siku ya kwanza twasema, "Feki!" na maneno yamekwisha. Mimi siipendi desturi hiyo, na sababu yangu ni kwamba neno hilo nimelisema mwenyewe, kwa sauti kubwa, mbele ya watu.

Likizo iliyopita nilibeba matofali kwa majuma matatu, nikamnunulia mama hedifoni zisizo na waya. Mama hukaanga chapati karibu na reli, na mafundi wa gereji za Industrial Area humpigia simu kabla ya saa saba kuagiza chakula. Mikono yake ina unga na mafuta, hawezi kushika simu. Zawadi ilimfaa kwa siku moja. Kisha sauti ikaanza kukatika katikati ya maagizo, na siku ya tatu chapati thelathini zililala, kwa kuwa mama hakusikia ni gereji gani iliyoziagiza.

Jioni hiyo nilizijaribu nyumbani, simu ikiwa mezani. Hazikukatika hata mara moja. Hapo ingalinipasa kufikiri. Badala yake asubuhi nilikwenda kwa muuzaji nikamwita mwizi, wateja wake wakisikia. Wenyeji wanajua neno hilo laweza kumfikisha mtu wapi. Yeye aliniuliza tu, "Bwana mdogo, mama huweka simu wapi akiwa kazini?"

Mama huiweka katika kopo la biskuti, pamoja na fedha, kwa kuogopa wezi. Kopo ni la bati. Akiisha kutoa chenji hufunika, na kila alipofunika, sauti ilikatika.

Wenzangu wa fizikia watacheka, na wana haki. Nimeandika katika mtihani kwamba chuma huzuia mawimbi ya redio, lakini sikulikumbuka kopo la mama. Simu yaweza kusema na mnara kwa nguvu ya hata wati 2, ndiyo maana iliita vizuri ikiwa koponi. Bluetooth ya hedifoni nyingi hunong'ona kwa sehemu chache tu za elfu za wati. Hata mwili wa mtu, kwa maji yaliyomo, huidhoofisha. Basi wewe utiaye simu mfuko wa nyuma, usishangae. Mimi nilikuwa nimesingizia waifai za majirani, ambazo nyingi hutumia mawimbi yale yale ya gigahezi 2.4. Kweli zaweza kusumbua, lakini Bluetooth huruka njia hata mara 1,600 kwa sekunde, katika njia 79, ili kuukwepa msongamano kama huo.

Tulipoliacha kopo, kukatika kulipungua, hakukwisha. Kosa la pili lilikuwa langu kabisa. Dukani nilizijaribu kwa simu yangu, nazo zikaikumbuka. Kila nilipopita jikoni na simu mfukoni, mama akiziwasha, zilinikimbilia mimi. Nikazifuta katika simu yangu, nikabonyeza kitufe mpaka taa ikawaka na kuzimika upesi upesi, nikaziunganisha upya na simu ya mama peke yake. Tangu hapo zimetulia.

Sisemi kwamba bidhaa mbovu hazipo. Zipo, na muuzaji akatazaye mtu kujaribu kitu kabla ya kulipa, mimi simwamini. Lakini mnunuzi naye aende na simu ile ile itakayotumika, akijaribu ajaribu mahali pa kazi yenyewe, na abadilishe jambo moja moja. Mimi ningalibadilisha yote kwa pamoja nisingalijua hata leo kama kosa lilikuwa kopo au simu yangu. Rafiki mmoja aniambia hiyo ni kazi ya fundi. Mbona basi twasoma sayansi miaka yote hii, ikiwa tukifika nyumbani twaiacha mlangoni pamoja na viatu?

Mama sasa huivaa simu shingoni, katika mfuko wa kitambaa alioushona mwenyewe. Jumamosi nilirudi kwa muuzaji kumwomba radhi. Alinipokea vizuri, akanipa kiti. Lakini alikuwa peke yake dukani. Wale waliosikia nikimwita mwizi hawakuwapo.