Sijaomba Kupumzika

Kuna neno moja la Kiswahili ambalo nimelichukia tangu mwaka wa 2021, nalo ni "pumzika". Najua ni neno jema. Hutamkwa kwa sauti ya upole, aghalabu na mtu aliyekushika bega, na nyuma yake hufuata "mzee wetu". Ndiyo maana ni gumu kulijibu. Mtu akikutukana utamrudishia. Mtu akikuhurumia utamwambia nini? Miaka yote hii nimenyamaza kwa adabu. Leo nalijibu kwa maandishi, maana hapa hakuna wa kunikatiza kwa kunikaribisha chai.

Nianze na chanzo. Asubuhi moja ya mwaka huo, nikiwa na umri wa miaka 71, niliamka nikapiga mswaki, na maji yakanitiririka kidevuni upande wa kulia. Kwenye kioo nikamwona mtu mwingine: nusu ya uso imelala, jicho halifumbi, mdomo umevutwa kushoto. Mke wangu alidhani ni kiharusi. Majirani walikuwa na jibu la haraka zaidi: nimepigwa na upepo, yaani, kwa lugha ya wazi, jini limenizaba kofi. Mmoja alimjua mtu wa kunisomea, mwingine alileta mafuta ya kuchua. Nilichuliwa siku tano. Nalisema hili kwa aibu, mimi niliyetumia maisha yangu kuwahimiza wanachuo waulize ushahidi kabla ya kuamini.

Hospitalini daktari alinitaka ninyanyue nyusi. Ya kulia haikunyanyuka. Akaniambia kwamba hiyo ndiyo dalili aliyokuwa akiitafuta, kwa sababu kiharusi cha ubongo aghalabu huliacha paji la uso na nguvu zake. Huu ulikuwa ugonjwa wa mshipa wa fahamu wa uso, ambao hupita katika tundu jembamba la mfupa karibu na sikio. Ukivimba humo, hujibana wenyewe. Wengi hupona, alisema, na vidonge vya kupunguza uvimbe husaidia zaidi vikianzwa ndani ya siku 3 za mwanzo. Siku zangu 3 nilikuwa nimewapa majini.

Baada ya miezi tisa niliweza kula bila kujidondoshea, kusema bila kutema mate, na kufumba jicho. Kwenye faili langu pakaandikwa kwamba nimepona. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Walinipima kwa kutabasamu, kufumba macho na kuvimbisha mashavu. Hakuna aliyeniuliza mdomo huo nilikuwa nikiufanyia kazi gani. Kama ningekuwa fundi cherehani mwenye mkono uliopooza, bila shaka wangeniuliza kuhusu cherehani. Lakini mzee wa miaka 71 anahitaji mdomo wa nini zaidi ya ugali na kuitikia "marahaba"?

Mimi nilikuwa napuliza saksafoni. Nilijifunza katika kambi ya JKT mwanzoni mwa miaka ya 1970, kwa afande mmoja wa bendi ya matarumbeta aliyeamini kwamba kosa la noti lina dawa moja tu, nayo ni kukimbia kuzunguka uwanja. Tangu hapo sikuiacha. Nilipuliza kwenye mahafali ya vyuo nilivyofundisha, kanisani, kwenye harusi za walimu wenzangu, na nilipokuwa mkuu wa chuo nilipuliza jioni nyuma ya nyumba, wanachuo wakijua kwamba saa hiyo Mkuu hana hasira.

Chombo hiki alikibuni Mbelgiji, Adolphe Sax, akapata hataza yake mjini Paris mwaka wa 1846. Mwili wake ni wa shaba kama tarumbeta, lakini sauti huzaliwa kwenye ulimi mwembamba wa mwanzi uliofungwa kwenye kidomo. Meno ya juu hukaa juu ya kidomo, mdomo wa chini hukunjwa juu ya meno ya chini, na pembe mbili za mdomo hukaza pande zote kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Pembe moja ikilegea, pumzi hutoka pembeni kwa mlio wa gurudumu lenye pancha. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Nilijaribu mwaka mzima mbele ya kioo. Dakika tano za kwanza sauti ilitoka, kisha ikaanza kuvuja. Tena mshipa ulipokuwa ukijiunga upya ulikosea njia, hata nikikaza midomo jicho la kulia linafumba lenyewe. Siku ya mwisho nilipopuliza kanisani, nyimbo mbili, mama mmoja wa kwaya alilalamika kwa mke wangu kwamba Mwalimu alikuwa akimkonyeza.

Basi wakaja na neno lao. "Pumzika, mzee wetu. Umefanya kazi yako." Watoto wangu, wachungaji, walimu niliowafunza mwenyewe. Mmoja akanipa methali: ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini. Nikamwuliza, akifika zizini ndiyo achinjwe? Hakujibu. Mwingine, niliposema kwamba nitajifunza chombo kingine, akatikisa kichwa na kunikumbusha kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na leo naikana. Ilitungwa kuwahimiza wazazi wasichelewe kulea, si kuwapa watu ruhusa ya kuwafunga wakubwa mlango.

Serikali ilinistaafisha nikiwa na umri wa miaka 60. Hiyo ni sheria, na sikuinung'unikia; vijana nao wanahitaji vyeo. Lakini sheria ile ilinitoa ofisini. Ni kifungu gani kilichowapa majirani mamlaka ya kunistaafisha na muziki?

Tena nchi hii ilishawahi kujua vizuri zaidi. Mwaka wa 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Nilikuwa na miaka 20, mwanachuo wa ualimu, nikapangiwa darasa la jioni chini ya mwembe. Wanafunzi wangu walikuwa babu na bibi waliotoka shambani na viganja vigumu kama gome, na penseli ikawa inawaponyoka kama samaki. Bibi mmoja alichukua wiki tatu kuandika herufi ya kwanza ya jina lake. Hakuna aliyemwambia apumzike. Mwalimu Nyerere alikuwa ameliambia taifa zima kwamba hatuwezi kungoja watoto wakue, na sisi vijana tukaamini, na bibi yule akaandika jina lake. Sasa nauliza: imani ile ilikuwa kwa ajili ya kisomo tu, ili mtu aweze kusoma maelekezo ya mbolea? Kama kidole cha miaka 65 kiliweza kujifunza kalamu, cha miaka 72 kimeshindwa na uzi wa gitaa kwa sababu gani?

Maana hilo ndilo nililofanya. Niliiuza saksafoni. Watoto walinuna, walitaka itundikwe sebuleni iwe kumbukumbu, na naona walikuwa wamekwisha kuiwazia pa kutundikwa picha yangu pembeni yake. Aliyeinunua ni kijana anayeipuliza kila Jumapili. Fedha zake zilinipatia gitaa la besi la mtumba, amplifaya, na chenji ya jozi ya viatu.

Hapa nigeuke niwaseme na wale wa upande wa pili, maana nao wananiudhi. Ni wale wanaofurahi kupita kiasi. "Hongera Mwalimu! Muziki ni muziki tu!" La hasha. Muziki si muziki tu. Saksafoni ilikuwa pumzi yangu mwenyewe; nikiwa na huzuni, sauti ilijua kabla yangu. Gitaa halijui kama nimelala vizuri. Na kuna hesabu ambayo wenye hongera hawaijui: saksafoni ya alto imetengenezwa hivi kwamba noti mpulizaji anayoisoma kama C, kwenye kinanda inalia kama E iliyoshushwa nusu sauti. Kwa miaka 50 masikio na vidole vyangu viliishi katika nyumba hiyo iliyohamishwa. Nilipohamia kwenye besi, kila kitu nilichokijua kwa jina kikawa hakikai mahali pake. Kilichoniokoa ni sol-fa ile ya kanisani, ambamo do huhama pamoja na wimbo. Nilipoacha kufikiria majina ya noti na kuimba kimoyomoyo do, sol, do, vidole vikaanza kupata njia. Nyuzi ni nne, E, A, D na G, kutoka nene hadi nyembamba, na ni za chuma. Wiki ya pili vidole vya kushoto vilitoa malengelenge, mwezi wa pili vikaota sugu. Asubuhi za baridi kidole cha pete hakitaki kunyooka hadi nikitie katika maji ya vuguvugu.

Hasara nyingine ni ya majivuno, na hii niliistahili. Mpuliza saksafoni hutoka mbele. Watu humtazama, humpepea, humtuza. Mpiga besi husimama nyuma karibu na ngoma, na kazi yake ni kuhakikisha wengine hawaanguki. Aliyewahi kucheza dansi la Sikinde au la Msondo alicheza juu ya besi usiku kucha, na asubuhi alisimulia gitaa la solo. Mimi nimekuwa mkuu tangu ujana, na Jumamosi ya kwanza ya mazoezi nilipiga kwa nguvu hadi mwimbaji akageuka kunitazama. Ilinichukua mwaka kujifunza kutosikika na bado kuwapo.

Mwalimu wangu ana miaka 24, ni dereva wa bodaboda na mpiga besi wa kwaya. Akifika hunipa shikamoo yangu kwa heshima zote, naitikia marahaba, kisha tukikaa mambo yanabadilika. "Umewahi, Mzee." "Umewahi tena." Kuwahi ndilo kosa langu kubwa, nadhani ni kengele za shule. Mimi namwita Mwalimu naye ananiita Mwalimu, na mke wangu anasema nyumba hii imekuwa na walimu wengi na mwanafunzi mmoja mkaidi. Katika miaka yangu yote ya kufundisha walimu, niliwahutubia kwamba mwalimu asiyejifunza ni kisima kilichokauka. Nilihutubu hivyo huku nikiwa sijakaa kwenye dawati la anayeanza tangu enzi za yule afande.

Naandika kwa ukali, na msomaji ana haki ya kuuliza hasira hii yote inatoka wapi, kwani watu waliniambia tu nipumzike. Itabidi niseme.

Mwaka wa 1994, nikiwa mkuu wa chuo, binti mmoja mwanachuo aliingia ofisini kwangu kuomba ahamishiwe mchepuo wa muziki. Alitaka kujifunza kinanda ili akafundishe. Mkono wake wa kulia ulikuwa na vidole vitatu. Viwili vilikatwa na mashine ya kusaga alipokuwa mdogo. Nilimtazama ule mkono, sikumtazama yeye. Nikamwambia, kwa upole, kama baba: "Binti yangu, mambo ya muziki yapumzishe. Chagua jiografia." Alisema ahsante Mkuu, akatoka, akasoma jiografia, akafaulu. Sikumwuliza vidole vilivyobaki vinaweza nini. Ilikuwa shauri la dakika tatu, na nikajiona mwema.

Katika droo ya meza ileile nilikuwa na kaseti ya Django Reinhardt. Mwaka wa 1928, akiwa na miaka 18, gari la kukokotwa alimoishi liliwaka moto, vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikaharibika. Kabla ya hapo alikuwa mpiga banjo. Wakati akiuguza majeraha alishika gitaa, akalijenga upya kwa vidole viwili vilivyobaki vizima, na Ulaya nzima ikamsikiliza. Nilikuwa nikiwasimulia wageni habari hiyo. Niliisimulia kama muujiza wa Ufaransa, jambo lisiloweza kuingia ofisini kwangu likiwa na sketi ya bluu na daftari mkononi.

Kwa hiyo wanaoniambia nipumzike nawajua vizuri. Nilikuwa kiongozi wao. Hawana ubaya, wanaona kilichopungua, na huruma yao inawaokoa na kazi ya kuuliza kuhusu kilichobaki. Wanaokoa muda wao, si nguvu zangu. Daktari alifunga faili, nami nilifunga faili, na kila mmoja alikwenda kula chakula cha mchana akiwa na dhamiri safi.

Binti yule sasa atakuwa na miaka 50 na kitu, mwalimu mkongwe, pengine mkuu wa shule. Sitaji jina lake wala chuo, atajijua. Kikundi chetu ni cha wastaafu watano na yule kijana wa bodaboda. Tunapiga nyimbo za zamani kwenye ukumbi wa kanisa, vibaya kidogo lakini kwa pamoja. Tunacho kinanda cha mtumba ambacho hakina mpigaji. Mazoezi ni kila Jumamosi saa kumi jioni, na mimi huwa nimewahi.