Israeli ni Nani?

Wako wasemao kwamba Israeli ni jambo la damu tu: aliyezaliwa katika uzao wa Yakobo ndiye mwenye ahadi, nasi watu wa Mataifa tu wageni tuliokaribishwa barazani, ndani si petu. Maneno hayo husemwa kwa unyenyekevu, walakini ni makosa, wala si makosa madogo.

Na tumtazame kwanza Ibrahimu mwenyewe. Katika Mwanzo, mlango wa 15, twaona ya kuwa alipata kibali kwa Mungu kwa sababu alisadiki ahadi yake. Kutahiriwa kwake kumeandikwa katika mlango wa 17, alipokuwa na umri wa miaka 99. Na katikati ya mambo hayo mawili alizaliwa Ishmaeli, Ibrahimu akiwa na miaka 86. Hesabu mwenyewe, msomaji: imani ilitangulia alama ya mwilini kwa miaka 13 na zaidi. Hoja hiyo ndiyo aliyoishika Paulo alipowaandikia Warumi, mlango wa 4.

Tena, ikiwa damu yatosha, mbona Ishmaeli hakuwa mrithi wa agano? Naye ni mwana wa Ibrahimu, akatahiriwa siku moja na baba yake. Mbona Esau hakuhesabiwa, aliyekuwa pacha wa Yakobo, baba mmoja, mama mmoja? Na ikiwa damu ni lazima, Rahabu wa Yeriko na Ruthu Mmoabi waliingiaje katika ukoo wa Daudi? Mathayo awataja wote wawili katika mlango wake wa kwanza, wala haoni haya.

Labda mtu atanijibu: Hayo ni mambo ya kale, yatudhuru nini? Namjibu: Tazama yaliyotokea Ujerumani. Mwezi wa Septemba 1933 sinodi ya Kanisa la Prussia ilikubali sheria ya kuwaondoa kazini wachungaji wenye asili ya Kiyahudi. Watu hao walikuwa wamebatizwa, wakimhubiri Kristo. Hawakuulizwa wanaamini nini, bali babu zao walikuwa akina nani. Mwezi ule ule Martin Niemöller na wenziwe walifanya umoja wa wachungaji wa kuipinga sheria hiyo, kwa kuwa waliona ya kwamba ubatizo wenyewe unakanushwa. Basi ndiyo matunda ya kuwapima watu wa Mungu kwa damu. Kipimo kimwekacho mtu wa Mataifa barazani leo, kesho kitamtoa Myahudi nje ya kanisa.

Lakini asifurahi upesi yule wa upande wa pili, asemaye kwamba Mungu amewatupa Wayahudi, na sisi tumeirithi nyumba yao kama watu warithivyo mali ya marehemu. Paulo, Mwisraeli wa kabila la Benyamini, amemziba kinywa katika Warumi, mlango wa 11. Mataifa ni matawi ya mzeituni mwitu yaliyopandikizwa katika shina lisilo lao. Shina ndilo lichukualo tawi. Na matawi ya asili yaliyokatwa, Mungu aweza kuyarudisha, maana hakuivunja ahadi yake. Wakristo wengi walikawia kuliungama hilo; hata Kanisa Katoliki lilitangaza katika mtaguso wa Vatikano, mwaka 1965 tu, kwamba Wayahudi wasifundishwe kuwa watu waliolaaniwa na Mungu.

Basi, walimu wenzangu, tuwafundishe watoto wetu mambo haya mawili pamoja. Mlango ni imani, nao ni mmoja kwa Myahudi na kwa asiye Myahudi. Aliyeingia kwa mlango huo si mgeni tena, ni mwana. Lakini mwana aliyekuja nyuma asimtukane ndugu yake mkubwa. Maana Baba aliyempokea yeye usiku ndiye yule yule aliyemwita mkubwa asubuhi.