Neno la Mhariri: Udongo Nao Una Ushahidi

Endulen, hapa Ngorongoro, inafahamika duniani kwa sababu ya jirani yake, Laetoli, ambako timu ya Mary Leakey ilipata nyayo za binadamu wa kale za miaka zaidi ya milioni 3.6 mwaka 1978. Sifa hiyo ni ya haki. Lakini imefunika historia iliyo karibu nasi zaidi, ya wafugaji wa kwanza wa nyanda hizi, ambao ushahidi wao mkubwa ni vigae vya vyungu. Toleo hili tumewapa wao.

Kwa muda mrefu vigae hivyo vimetambuliwa kwa nakshi. Vya mtindo wa Nderit vina alama za kudidimiza zilizobanana kama ususi wa kikapu, na mara nyingi vimekwaruzwa upande wa ndani. Vya Narosura vina mikanda ya mistari ya kuchanja au ya alama za kitana. Vya Akira ni vyembamba, vimesuguliwa vikalainika.

Tatizo huanza pale nakshi inapogeuzwa jina la kabila. Nakshi husafiri: mfinyanzi akiolewa mbali huondoka na ujuzi wake, kisha hufinyanga udongo wa ukweni. Udongo ndio unaotaja mahali. Nyanda za juu za Ngorongoro ni za volkano. Kusini mwa Ziwa Eyasi kuna miamba ya kale ya graniti. Kipande chembamba cha kigae kikiwekwa chini ya hadubini, chembe zake huonyesha ni miamba ipi iliyozaa udongo huo.

Wenzetu wa Uingereza hufanya vivyo hivyo. Jagi la karne ya 13 lenye glezi ya kijani, likifukuliwa London, hutambuliwa kuwa la Surrey kwa udongo wake mweupe, si kwa glezi, kwa kuwa glezi ya kijani ilipakwa na wafinyanzi wa sehemu nyingi.

Msimamo wetu ni huu: kigae kisitajwe kuwa cha watu fulani kabla udongo wake haujachunguzwa pamoja na nakshi. Na uchunguzi huo hauna maana ikiwa hatujui kilipookotwa. Tena, Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya 1964 inalinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya 1863, vikiwemo vigae hivi. Mchungaji, mwalimu, mwongoza watalii: ukiona kigae baada ya mvua, usikiokote. Kiache pale pale, weka alama ya mahali, kisha toa taarifa kwa maofisa wa mambo ya kale.